Anza na mgongo wa barua

Mwanangu Rehema,

Salaam za nyumbani umeshazipata kwenye simu, kwa hiyo hapa naenda moja kwa moja kwenye kazi yako ya barua za Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mvumbuzi wa Marekani.

Umesema umechagua barua alizopokea akiwa Passy, nje kidogo ya Paris, na kwamba umeshazipanga kwa tarehe zilizoandikwa juu. Zipange upya. Tarehe ya juu inakuonyesha mwandishi alikuwa na nini kichwani siku ile, lakini haikuonyeshi Franklin alijua nini. Katikati hapo pana bahari, vita, makarani wa posta na majasusi, na mtu akiyaruka hayo ataandika insha nzuri iliyojaa makosa.

Ukiacha safari ya ujanani, Franklin alikaa Ulaya vipindi vitatu: London 1757 hadi 1762, London tena 1764 hadi 1775, kisha Ufaransa kuanzia Desemba 1776 hadi Julai 1785. London alikuwa wakala wa makoloni ya Waingereza kule Amerika, amepanga kwa mama mmoja mjane mtaa wa Craven. Passy alikuwa mwakilishi wa Marekani, nchi iliyokuwa bado vitani na Uingereza, mzee wa miaka 70 na zaidi, anakaa kwenye makazi ya tajiri aitwaye Chaumont, na karani wake ni mjukuu wake, William Temple Franklin.

Kabla hujasoma neno hata moja, chukua karatasi moja ujaribu kwa mkono. Ikunje katikati kama kitabu, upate kurasa 4. Andika ukurasa wa 1, wa 2 na wa 3, wa mwisho uache wazi. Sasa, ukurasa huo wa 4 ukiwa nje, kunja sehemu ya juu na ya chini ziingie ndani, kisha pande mbili zikutane, upande mmoja uchomekwe ndani ya mwenzake. Pale zinapokutana dondosha lakiri, piga muhuri. Upande wa pili andika anwani. Hiyo ndiyo barua ya karne ya 18. Bahasha ilikuwa anasa, maana Uingereza walitoza kwa idadi ya karatasi na umbali: bahasha ilihesabiwa karatasi ya pili, na bei ikawa mara mbili.

Mpokeaji akiivuta ifunguke, lakiri haiachii. Inang'oka na kipande cha karatasi. Ndiyo maana ukitazama picha ya ukurasa wa 3 utakuta tundu pembeni, na mistari miwili au mitatu inayofuatana imepoteza maneno. Wahariri huweka mabano na kukisia kilichokuwapo. Usinukuu kisio lao kama maneno ya mwandishi. Waandishi wazoefu waliacha nafasi tupu pale muhuri utakapokaa, kwa hiyo pengo lisilo na tundu si maneno yaliyofutika. Na wino wao ulitengenezwa kwa vivimbe vya mti wa mwaloni, chumvi ya chuma, gundi na maji. Uliandika mweusi, leo umekuwa wa kahawia, na penye mkolezo unatokeza upande wa pili. Nukta unayoiona inaweza kuwa ya ukurasa wa nyuma.

Namba kubwa iliyochorwa haraka haraka kwenye anwani si namba ya nyumba. Ni ada ya posta. Mara nyingi anayelipa alikuwa mpokeaji, na fikiria maana yake kwa mtu maarufu: kila mgeni mwenye shida alimtumia Franklin barua, na Franklin ndiye aliyelipa kusomeshwa shida zile. Kinachochekesha ni kwamba mzee huyu alikuwa mtu wa posta mwenyewe. Mwaka 1753 aliteuliwa mmoja wa wakuu wawili wa posta ya makoloni yote, na barua zake zilipita bure kwa saini yake tu, mpaka Waingereza walipomfukuza Januari 1774.

Geuza tena, tafuta maandishi mafupi kwenye mkunjo wa nje: jina, mahali, tarehe, pengine neno la kuonyesha kwamba imejibiwa. Hayo yaliandikwa na Franklin au karani ili barua ipatikane ikiwa imefungwa kwenye fungu. Watu huyaruka, na mimi nayaona ndiyo dhahabu ya kazi yote, kwa sababu yanaonyesha yeye aliona nini kwenye barua ile. Mtawa mmoja wa Benediktini alimwandikia akiomba alipiwe madeni ya kamari. Mgongoni Franklin akaandika: mtawa anataka nimlipie madeni ya kamari, naye ataombea ushindi wetu! Ndani ya barua umepata ombi, na mgongoni umepata hukumu.

Maombi yalikuwa mengi kupita kiasi. Maofisa wa jeshi waliotaka vyeo Marekani, wavumbuzi, wafanyabiashara, mafundi waliotaka kuhamia kule. Aprili 1777 aliandika kielelezo cha barua ya kumpendekeza mtu usiyemjua kabisa, kwa kejeli ya kavu kweli, na mwaka 1784 akachapa kijitabu cha kuwajibu kwa mkupuo wanaotaka kuhama. Kwa hiyo usihesabu barua ukasema watu 50 walikuwa marafiki zake. Tenganisha waombaji na watu wanaoandikiana naye kwa kupokezana.

Tarehe sasa, maana hapo wengi huingia mkenge. Waingereza na Wamarekani waliandika "inst." kwa mwezi huu na "ult." kwa mwezi uliopita. Ukikuta "yours of the 12th ult." kwenye barua ya tarehe 3 Machi, ni barua ya Franklin ya 12 Februari, hata kama jibu hili alilisoma Mei. Kutoka Urusi, tarehe iko nyuma siku 11, kwa kuwa walishika kalenda ya zamani. Wafaransa wa karibu ndio wabaya zaidi. Madame Brillon, jirani yake pale Passy aliyemwandikia barua zaidi ya 100, mara nyingi aliandika siku ya wiki tu.

Tufanye moja. Chukulia umekuta "Jumatano, 4 Februari" bila mwaka. Kati ya 1777 na 1785, tarehe 4 Februari iliangukia Jumatano mara mbili tu, 1778 na 1784. Sasa soma ndani. Ikiwa watu wana wasiwasi kuhusu mkataba na Ufaransa, ni 1778, kwani ulitiwa saini siku mbili baadaye, tarehe 6. Ikiwa wanazungumzia maputo ya kurusha watu angani, ni 1784, kwa sababu watu wa kwanza waliruka Novemba 1783. Fanya hivyo kwa kila barua yenye siku isiyo na mwaka, na uandike sababu yako pembeni.

Halafu bahari. Kutoka Marekani kwenda Ulaya, upepo ukiwa mzuri, wiki 4 hadi 6. Kurudi, 6 hadi 8 au zaidi, maana upepo na mkondo vinakupinga. Karibu mwaka 1768 maofisa wa forodha wa Boston walilalamika kwamba meli za posta kutoka Falmouth, Uingereza, hadi New York zinachelewa kama wiki mbili kuliko meli za biashara za London hadi Rhode Island. Franklin akamuuliza binamu yake Timothy Folger, nahodha wa kisiwa cha Nantucket, naye akamjibu kwamba manahodha wa posta wanapanda juu ya Mkondo wa Ghuba, ule mkondo wa bahari unaotoka Amerika kuelekea Ulaya, na kupambana nao, wakati wavuvi wa nyangumi wanaujua na kuukwepa. Ramani ikachorwa, manahodha wa posta hawakuijali. Kwa hesabu yako, swali na jibu lake ni miezi 3 au 4, mambo yakienda sawa. Mkewe Deborah alifariki Philadelphia tarehe 19 Desemba 1774, na habari ilimfikia London karibu na mwisho wa Februari. Wiki zote zile, kwa mujibu wa barua alizokuwa nazo mkononi, mke alikuwa hai.

Vita vilipoanza, barua muhimu iliandikwa nakala 2, 3 hata 4, kila moja ikapanda meli yake. Tafuta neno la nakala ya pili au ya tatu kwenye kona. Kosa la kawaida ni kuhesabu barua moja mara tatu. La pili ni kuchukulia kwamba nakala iliyopo leo ndiyo iliyofika kwanza. Hawala za fedha ambazo Kongresi, bunge la Marekani, ilimtwisha Franklin azilipe zilienda hivyo hivyo, seti nzima, na ikilipwa moja nyingine zote zinakufa. Wajanja walileta ya pili baada ya ya kwanza kulipwa, kwa hiyo kila hawala ilibidi ilinganishwe na zilizotangulia. Barua fupi za kuarifu kwamba hawala fulani inakuja zinachosha kusoma, lakini usizitupe. Ndizo zilizokula siku za mzee.

Na nani mwingine alisoma? London, Franklin aliwahi kulalamika kwamba barua zake zinafunguliwa njiani. Passy ilikuwa mbaya zaidi. Januari 1777 mama mmoja aitwaye Juliana Ritchie alimwandikia kumwonya kwamba amezungukwa na wapelelezi. Akajibu kwamba hafanyi jambo la kumwaibisha likijulikana, na hata mtumishi wake akiwa jasusi, kama pengine alivyo, hatamfukuza iwapo anampenda kwa mengine. Jibu la kiungwana, lakini jasusi mwenyewe hakuwa mtumishi. Alikuwa Edward Bancroft, rafiki aliyeingia na kutoka kwenye makaratasi, ambaye taarifa zake ziliwekwa ndani ya chupa kwenye mti wa bustani ya Tuileries Jumanne usiku. Mwaka huo huo nahodha Joseph Hynson aliiba ripoti zilizokuwa zikipelekwa Kongresi, akaweka karatasi tupu mahali pake. Folger mwingine, John, akavuka Atlantiki na kufikisha furushi la karatasi nyeupe, Januari 1778. Kwa hiyo ukisema "barua ya siri", jiulize siri kwa nani.

Maandishi ya mafumbo yalileta matatizo yake. Dumas, wakala wa Wamarekani kule The Hague, Uholanzi, alichukua kifungu cha Kifaransa chenye alama 682, yaani herufi na vituo, akazipa namba kwa mfuatano. Ukitaka herufi e unachagua namba yoyote penye e, na zilikuwa zaidi ya 100, kwa hiyo adui hawezi kuitambua kwa kujirudia. Ila ukikosea kuhesabu alama moja, kila namba ya mbele inakuwa takataka. Mfumo wa James Lovell wa Kongresi ulikuwa mbaya kwa njia nyingine: ufunguo wake, herufi mbili za mwanzo za jina la familia fulani, aliueleza kwa vitendawili. Mwaka 1781 Franklin alikiri kwa John Adams, mwanadiplomasia mwenzake, kwamba amejaribu kusoma akashindwa. Barua ilifika, muhuri mzima, na bado haikufika.

Kuhusu kusoma mwandiko, mambo machache tu. Kile kinachofanana na f katikati ya neno mara nyingi ni s ndefu. Anwani ya Kifaransa inayorudia "A Monsieur, Monsieur" ni ya mtu mmoja, ndiyo adabu yao. Barua za Deborah zisome kwa sauti, kwani aliandika neno kama alivyolisikia, na macho yatakwama pale sikio linapopita. Naye huanza "My Dear Child". Usiziweke kwenye fungu la watoto. Ndivyo alivyomwita mumewe.

Mapengo pia yana sababu. Mwaka 1776 Franklin aliacha sanduku la makaratasi yake kwa rafiki, Joseph Galloway, huko Pennsylvania. Galloway akahamia upande wa Waingereza, sanduku likavunjwa, karatasi zikatawanyika. Ukimya wa rafiki wa London katika miaka fulani unaweza kuwa ukimya wa sanduku. Kilichobaki, sehemu kubwa iko Philadelphia, katika Jumuiya ya Falsafa ya Marekani, na wahariri wa Chuo Kikuu cha Yale wamekuwa wakizichapa tangu 1959. Soma maelezo yao yaliyo chini ya kila barua kabla ya barua yenyewe.

Uniandikie safu 5 kwa kila barua: iliandikwa lini, ilifika lini, nakala ya ngapi, mgongoni kuna nini, ilijibiwa au la. Safu ya pili itakuwa tupu mara nyingi. Iache tupu.

Ya kwanza nakuchagulia mimi: tarehe 1 Oktoba 1783, kutoka Arras. Wakili wa miaka 25 anamtumia Franklin utetezi wake uliochapwa, wa bwana mmoja wa Saint-Omer aliyeamriwa kung'oa fimbo ya kukinga radi juu ya paa lake kwa sababu majirani waliiogopa. Wakili ameshinda kesi na anataka mvumbuzi wa fimbo, yaani Franklin mwenyewe, ajue. Anaitwa Robespierre, yule ambaye baadaye alikuja kuwa kiongozi wa kutisha wa Mapinduzi ya Ufaransa. Jaza safu zote 5 kama vile hujawahi kusikia jina hilo, maana Oktoba ile pale Passy lilikuwa jina la wakili wa mkoani tu.

Baba yako