Kabla ya kujadili kifo, tupeni mofini

Ndugu Mhariri,

Nimelisoma gazeti lako miaka mingi bila kuandika neno, ila makala ya Jumapili iliyopita, ya madaktari kuwasaidia wagonjwa wasiopona wafe, imenishinda kunyamazia. Mwandishi wako katupitisha jimbo la Oregon kule Marekani, ambako sheria hiyo inatumika tangu 1997, Uholanzi na Ubelgiji tangu 2002, Kanada 2016, mpaka kura ya wabunge wa Uingereza Juni 2025, 314 wakiunga mkono, 291 wakipinga. Akamaliza kwa kuuliza Tanzania inangoja nini. Ukurasa mzima, mofini, dawa ya maumivu makali, haikutajwa hata mara moja.

Mama yangu mkubwa alikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, ilishafika kwenye mifupa ya nyonga. Aliruhusiwa kurudi nyumbani Sengerema na chupa ya mofini ya maji, ile ya kunywa kila baada ya saa nne. Dawa ilipokuwepo aliketi uani, akachambua dagaa na kuwagombeza wajukuu. Ilipoisha nikapanda kivuko cha Kamanga kwenda mjini, chupa tupu mkobani, maana bila chupa hawakupi. Pale dirisha la dawa nikaambiwa imekwisha, na hata ingekuwepo, daktari wa kuidhinisha yuko semina, njoo Jumatatu. Siku hiyo ni Alhamisi! Nikarudi na panadol. Usiku mama alijifunga kanga mdomoni ili watoto wasisikie, akaing'ata hadi ikatoboka, kisha akanishika mkono: “Mwanangu, niombee nife.” Mwandishi wako angekuwepo angesema huyu naye anataka sheria ya Oregon. Jumatatu dawa ikapatikana. Kesho yake akaomba uji wa ulezi, na habari ya kuombewa kifo hakuirudia mpaka Mungu alipomchukua.

Mtu aliyekosa dawa ya maumivu hajachagua kufa, Mhariri. Uganda, ziwa hili hili, tangu 2004 wauguzi waliosomea tiba shufaa, yaani kuwatuliza maumivu wagonjwa mahututi, wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe bila kumngoja daktari. Na mofini ya maji si dawa ya matajiri, ni unga unaochanganywa na maji. Kwa nini huku kwetu mgonjwa alie siku nne kwa sababu ya semina?

Halafu hao wanaohubiri kufa kwa heshima, mbona hawaandiki juu ya maiti zinazozuiliwa mochwari kwa deni la matibabu? Jirani zetu walizungusha daftari la michango hadi mwaloni Kirumba, kwa wauza samaki wasiomjua marehemu, ili wapewe ndugu yao wakazike. Hilo nalo liandikiwe ukurasa mzima.

Ninachotaka ni hiki. Kila kituo cha afya kuanzia Magu hadi Ukerewe kiwe na kabati la chuma la mofini, funguo mbili, na nesi mmoja aliyesomea kuitoa, awepo hata Jumapili. Na wewe, Mhariri, pale unapochapa bei ya sangara na dagaa, ongeza mstari mmoja kila wiki: mofini ipo wapi na imeisha wapi. Wenye wagonjwa tutajua kama tuvuke au tusivuke.

Mwenye kuuguza,
Sengerema