Barua ya wazi kwa Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar: tuwekeeni wazi matokeo ya kila kituo

Mheshimiwa Mwenyekiti,

Assalaam alaykum. Nakuandikia nikiwa mpiga kura wa Wilaya ya Wete, Pemba. Ninalokuomba ni jambo moja. Tume iyachapishe matokeo ya uchaguzi wa Wawakilishi, yaani wajumbe wa baraza letu la kutunga sheria, kituo kwa kituo, pamoja na picha za fomu zilizotiwa saini na mawakala wa vyama, kuanzia 1995 hadi uchaguzi wa karibuni, na yakae mahali ambapo mtu yeyote atayasoma bila ya kuomba ruhusa.

Tangu vyama vingi virudi, kisiwa chetu kimekuwa kikitajwa kama mtu mmoja: "Pemba imesema", "Pemba imekataa". Mwaka 1995 chama cha upinzani cha CUF kilichukua viti vyote 21 vya Pemba, na CCM ikapata 26 kati ya 50, vyote vya Unguja. Mwaka 2005 majimbo yetu yalikuwa yamepunguzwa hadi 18, na CUF ikavichukua vyote tena. Kisha 2020 CCM ikatangazwa mshindi wa majimbo 46, na ACT-Wazalendo, chama alichohamia Maalim Seif, aliyekuwa kiongozi wa CUF, mwaka mmoja kabla, kikabaki na manne Zanzibar nzima.

Kila baraza la kahawa lina maelezo yake kuhusu mabadiliko hayo. Wapo wasemao watu walichoka na kususia, wapo wasemao CUF ilipogawanyika wafuasi wake walitawanyika, na wapo wengi, nami simo mbali nao, wanaoamini kwamba kura hazikuhesabiwa kama zilivyopigwa. Orodha ya washindi wa majimbo haiwezi kumjibu yeyote kati yao. Matokeo ya vituo yanaweza: wangapi walijitokeza, fomu ipi ina saini za mawakala wote na ipi haina, kituo gani kiligeuka ghafla na kipi kilibaki kilivyokuwa.

Wazee wetu waliona mapema uzito wa hesabu hizi. Januari 1961 jimbo la Chake Chake liliamuliwa kwa kura moja tu. Kati ya vyama vitatu vya wakati ule, ASP ikamaliza na viti 10, ZNP 9 na ZPPP 3. Serikali haikuundika, uchaguzi ukarudiwa Juni, na fujo zilizofuata ziliua watu 68. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya nusu ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31. Miezi sita baadaye yakaja Mapinduzi. Sisemi mipaka ya majimbo ndiyo iliyoyaleta peke yake. Ila umbali baina ya kura walizopiga watu na viti vilivyotangazwa tunaujua vizuri hapa kwetu, na tumeulipia.

Lakini linaloniuma zaidi ni la 2015. Tarehe 25 Oktoba tulisimama foleni moja na kila mmoja wetu akapewa karatasi tano: Rais wa Muungano, Mbunge, Rais wa Zanzibar, Mwakilishi na Diwani. Siku tatu baadaye, wakati washindi wa Uwakilishi wameshapewa vyeti vyao, mwenyekiti wa wakati huo akatangaza kwamba uchaguzi wote wa Zanzibar umefutwa. Karatasi tatu zikawa hazina thamani. Mbili za Muungano, zilizopigwa siku ile ile na watu wale wale, zikabaki halali, na Wabunge wakaenda Dodoma kuapishwa. Machi 2016 uchaguzi ukarudiwa, CUF wakaususia. Hadi leo mpiga kura wa Pemba anaweza kuambiwa nani alikuwa mbunge wake wa 2015, lakini karatasi yake ya Mwakilishi ya siku ile imebaki bila historia. Hata kama kisheria ilifutwa, ilihesabiwa. Hesabu ile ni ya kwetu, na tuna haki ya kuiona.

Najua patakuwa na hofu kwamba matokeo ya kituo yataanika shehia ndogo na kuwaletea watu kisasi. Hofu hiyo siipuuzi, maana baada ya 1995 wapo watu waliopoteza kazi kwa kuwa ni Wapemba tu. Lakini matokeo hubandikwa nje ya kituo usiku ule ule. Sheha anayajua, vyama vinayajua, wenye nguvu wanayajua. Asiyeyajua ni mwananchi wa shehia ya pili, na mtafiti, na mtoto atakayezaliwa kesho. Tena usiri huo unawadhuru zaidi wachache: mwana CCM wa Micheweni, Pemba, na mpinzani wa Makunduchi, Unguja. Wote wawili wapo, wanapiga kura kila mara, na ramani ya majimbo inawafuta kana kwamba hawakutoka nyumbani. Laiti tungeona kura zao kituo kwa kituo, ingekuwa vigumu mtu kusimama jukwaani na kukihukumu kisiwa kizima.

Jirani zetu wa Kenya, baada ya Mahakama ya Juu kufuta uchaguzi wa rais wa 2017, waliweka fomu za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti ya tume yao mwaka 2022, na kila aliyetaka alijumlisha mwenyewe. Walifanya hivyo kwa kura za urais. Vituo vyetu ni vichache mno kuliko vyao, kwa hiyo sioni kinachotuzuia kufanya hivyo kwa Wawakilishi pia.

Ikiwa fomu za zamani zimepotea au zimeteketezwa, semeni zipi na lini. Nakuomba uanze na za 25 Oktoba 2015, kwa majimbo yote 54 ya wakati huo, kisha zifuate nyengine kadiri zitakavyopatikana.

Wako,
Mpiga kura, Wete