Barua kwa mwanangu: wale wa benchi wa Royals

Marahaba mwanangu, na bibi mguu unaendeleaje? Voisi yako nimeisikiliza jana usiku nikitoka kazini. Unasema ile picha ya Royals, timu yetu ya besiboli huku, wanashangilia ubingwa wameandika jina vibaya, kwamba mdakaji, yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji, anayekumbatiana na mrushaji Wade Davis lazima awe Salvador Perez, halafu unauliza kama hao wa benchi si wanakula hela ya bure. Hapana, picha iko sawa kabisa. Yule ni Drew Butera, namba 9, mdakaji wa akiba, na nimefurahi sana umeuliza habari zake maana hapa Kansas City tangu Jumatatu watu ni Perez, Hosmer, Moustakas na Davis tu, utadhani timu ilikuwa na watu wanne.

Iko hivi. Besiboli kocha akishakubadilisha ndo basi, hurudi tena mpaka mechi iishe. Sasa ile mechi ya 5 ya fainali pale New York tarehe 1 Novemba 2015, wenyeji Mets walikuwa wanaongoza 2-0 mpaka inningi ya 9, yaani zamu ya mwisho ya kawaida, tukachomoa zote mbili, ikaenda nyongeza mpaka inningi ya 12. Perez akapiga akafika beisi ya 1 kati ya zile 4 unazozunguka ili upate pointi. Lakini Perez mbio hana, msimu mzima amechuchumaa kudaka na magoti yamechoka, basi kocha Ned Yost akamtoa. Hebu fikiria fainali, dakika za nyongeza, unamtoa kipa wako namba moja kwa sababu unataka mtu wa mbio. Akaingia Jarrod Dyson.

Dyson mwaka 2006 timu zilipokuwa zinagawana vijana wapya alichukuliwa raundi ya 50, na hiyo ndo ilikuwa raundi ya mwisho. Si mpigaji wa kutisha, kazi yake ni miguu. Na ugumu wake ni kwamba uwanja mzima unajua umeingia kuiba, yaani kukimbilia beisi inayofuata mrushaji akiwa anarusha, mrushaji wa Mets Addison Reed anajua, mdakaji wao anajua, hakuna siri hata kidogo, na bado unatakiwa uende. Akaenda. Beisi ya 2 akaichukua, halafu Alex Gordon akapiga mpira wa chini, yeye Gordon akawahiwa kabla ya kufika beisi ya 1 ila Dyson akasogea mpaka ya 3.

Hapo ilikuwa zamu ya mrushaji wetu kupiga, maana kwenye viwanja vya ligi ya National mwaka 2015 mrushaji naye alikuwa anashika gongo, kwa hiyo Yost akamwita Christian Colón ampigie. Huyu mwanangu ndo nataka umwelewe. Royals mwaka huu wamecheza mechi 16 za mtoano, Houston 5, Toronto 6, Mets 5. Colón hajapiga hata mara moja kwenye 15 zote za mwanzo, kakaa benchi anaangalia wenzake, anafanya mazoezi kila siku kama vile atacheza, halafu hachezi. Mara ya kwanza anaitwa ndo hiyo, inningi ya 12, mechi ya kuchukua kombe, mtu yuko beisi ya 3. Akapiga kushoto safi, Dyson akaingia, 3-2. Huku ilikuwa usiku, huko kwenu Jumatatu asubuhi saa 2 imeshapita, wewe uko darasani. Ikaongezeka nyingine moja, halafu Lorenzo Cain naye akaja kupiga ndefu wakaingia watatu na mwisho ikawa 7-2.

Na siyo bahati ya siku moja. Mwaka jana kwenye ile mechi ya Oakland ambayo tukifungwa msimu umekwisha, inningi ya 12 hiyo hiyo, ni Colón aliyesawazisha, akaiba beisi ya 2, Perez akapiga, na aliyeingia kumaliza mechi 9-8 ni Colón. Watu wengi hapa walikuwa wanamhesabu hasara kwa sababu mwaka 2010 kwenye ule mgao wa vijana alichukuliwa namba 4 nchi nzima, nyuma tu ya Manny Machado, na Machado amekuwa staa mkubwa. Mimi naona si haki kumpima mtu kwa kazi ambayo hajapewa.

Sasa Butera. Kupiga kwake ni kudogo, sikufichi. Lakini Perez akishatoka nani anadaka? Anatoka mtu kwenye benchi usiku wa manane, mwili umepoa, anaambiwa kamdake Davis mipira yake ile ya moto na ubingwa uko mezani. Akadaka mpaka straiki ya mwisho, ule mpira uliompita Wilmer Flores wa Mets. Hata Houston tulipokuwa nyuma 6-2 inningi ya 8 na msimu unaelekea kuisha, tukasawazisha, halafu Butera akamng'ang'ania mrushaji mpaka akapewa beisi ya bure kwa mipira iliyorushwa vibaya, mara Gordon akapiga tukaongoza, tukashinda 9-6. Hiyo hakuna anayeiongelea. 

Ila ukiniuliza mimi, wa kwanza kwangu ni mrushaji Chris Young. Yule mrefu, zaidi ya mita 2. Walimsaini mwezi Machi kwa dola 675,000 ambazo kwa viwango vyao ni kidogo sana. Mipira yake haina spidi, anatumia akili. Mwezi wa 9 baba yake alifariki, na kesho yake Young akasema atarusha, akarusha inningi 5 Cleveland hawakupata hata hiti moja, yaani pigo la kumfikisha mtu beisi, ndo akaenda kumzika baba yake. Halafu mechi ya 1 na Mets ilipofika mbali mpaka inningi 14, yeye akaingia akarusha 3 za mwisho bila hiti, tukashinda 5-4, na siku chache baadaye akaanza mechi ya 4 nayo tukashinda. Nilimwangalia nikawa nakufikiria wewe, sijui kwa nini, huenda ni hayo ya baba.

Kwa hiyo lile swali lako kwamba hao wa benchi wanakula hela ya bure, jibu ni hapana mwanangu, hapana kabisa. Juzi Jumanne kwenye paredi inakadiriwa walikuja watu laki 8, shule zilifungwa, na nilipiga kelele zaidi kwa Young kuliko kwa Hosmer.

Tafuta video ya inningi ya 12. Usikimbilie kumwangalia Colón, anza na Dyson pale beisi ya 1, angalia miguu yake kabla Reed hajarusha. Halafu nitumie voisi uniambie nani ungemweka wa kwanza kati yao, maana mjomba wako ananibishia anasema Colón.

Ada nimeituma kwenye simu ya bibi, mwambie akaitoe kabla ya Ijumaa, na dawa zake asiruke.

Baba yako