Asante kaka uliyeniokoa na koilova zangu

Wadau naomba nimshukuru hadharani kaka mmoja wa Tabata, jina lake hataki litajwe. Gari yangu Altezza ilifungwa koilova (shokapu na springi zake za kurekebisha urefu wa gari) gereji fulani ikawa inagonga kila tuta na tairi la mbele linakwaruza fenda, ukiwauliza wanasema utazoea. Huyu kaka kanikuta sheli, kachungulia kidogo tu akasema wameshusha gari kwa kulegeza springi mpaka inacheza, wakati aina hii urefu unarekebishwa kwa braketi ya chini ya shokapu.

Jumapili, siku yake ya kupumzika, kaja na spana za ndoano, gari juu ya stendi, springi akaikaza mpaka isicheze basi, halafu akazungusha braketi huku anapima kwa tepu toka katikati ya rimu hadi ukingo wa fenda, kushoto na kulia. Bolti za bushi (mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari) akasubiri gari ishuke ikae na uzito wake ndo akakaza, maana ukikaza ikiwa juu mpira unakaa umejipinda na unachanika mapema. Kisha akanisindikiza alaimenti, kunyoosha tairi. Hela kakataa kabisa!

Mafundi, mkimkuta mtu gari inamgongea hivyo chungulieni, mwambieni ukweli. Kaka, Mungu akuzidishie, gari imetulia kweli.