Tumkumbuke pia Kawawa wa vyama vya wafanyakazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu namna tunavyomkumbuka Mzee Rashidi Mfaume Kawawa, aliyefariki dunia hapa Dar es Salaam Desemba 31, 2009. Anapotajwa, husifiwa kama Simba wa Vita na msaidizi mwaminifu wa Mwalimu Nyerere. Sifa hizo anastahili, lakini miaka aliyowatumikia wafanyakazi hupitiwa juu juu, na vijana wengi wanaopita kila siku katika Barabara ya Kawawa hawaijui kabisa.

Kawawa alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni aliyeshughulikia maendeleo ya jamii: kisomo cha watu wazima, filamu za kuelimisha wananchi ambazo aliigiza mwenyewe, na baadaye huduma kwa Wakikuyu waliozuiliwa Urambo wakati wa Mau Mau. Aliongoza chama cha watumishi Waafrika wa serikali, na mwaka 1955 vyama mbalimbali vya wafanyakazi vilipounda shirikisho lao la Tanganyika, TFL, yeye ndiye aliyekuwa katibu mkuu wake wa kwanza. Mwaka uliofuata aliacha kazi ya serikali, wakati ambapo mtumishi wa serikali alikuwa amekatazwa kujiunga na TANU. Kuacha mshahara wa uhakika kwa ajili ya chama kichanga kisicho na fedha si jambo dogo, hasa kwa mtu mwenye ndugu wanaomtegemea.

Makuli wa bandari yetu walikuwa wamegoma mwaka 1939, na mgomo wao wa 1947 ulienea hadi miji ya bara; lakini baada ya mgomo wa 1950 chama chao kilifutwa. TFL ilimweka karani na kuli katika chombo kimoja, na hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi kubwa kuliko zote alizofanya Kawawa kabla ya Uhuru.

Hata hivyo, historia yake isimuliwe yote. Mwaka 1962, yeye akiwa waziri mkuu, zilipitishwa sheria zilizobana haki ya kugoma, na mwaka 1964 TFL ilivunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja cha wafanyakazi kilichokuwa chini ya mkono wa serikali. Naielewa hoja ya wazee wanaosema kwamba nchi changa isingestahimili migomo, lakini naamini wafanyakazi walipoteza sauti ambayo yeye mwenyewe alisaidia kuijenga.

Sauti hiyo inahitajika sana leo. Kijana anayeshusha marobota katika duka la Kariakoo tangu asubuhi hadi usiku hana mkataba wa maandishi wala likizo, na akiugua siku mbili anakuta mwingine amechukua nafasi yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa haki ya kujiunga na chama, na wafanyakazi 20 wanatosha kuanzisha chao, lakini nani amewahi kumweleza?

Naiomba TUCTA, shirikisho la vyama vya wafanyakazi nchini, ishirikiane na Makumbusho ya Taifa kuandaa maonyesho ya historia hii kabla ya Mei Mosi ijayo, na viongozi wa vyama wafike Kariakoo, Manzese na Tandika jioni maduka yanapofungwa, wakiwa na fomu za uanachama mkononi.

Msomaji wako,
Magomeni, Dar es Salaam