Ndege ya kuunganisha huongeza pointi

Mhariri,

Wakenya wengi walioko London hukata tiketi ya moja kwa moja hadi Nairobi, kisha hushangaa daraja lao la Flying Blue, mpango wa zawadi kwa wasafiri wa Air France na KLM, halipandi. Pointi za XP, ndizo zinazopandisha daraja, hutolewa kwa kila ndege unayopanda, kulingana na umbali na aina ya kiti, si bei. Ukipitia Amsterdam kwa viti vya kawaida: London–Amsterdam 5, Amsterdam–Nairobi 10. Kwenda na kurudi ni 30. Moja kwa moja, kwa Kenya Airways, ni 20 tu. Daraja la Silver, la kwanza juu ya lile la kuanzia, linahitaji 100 ndani ya miezi 12, yaani safari nne badala ya tano.

Tafadhalini, andikeni namba ya uanachama wakati wa kununua, jina lilingane na pasipoti, na msitupe pasi ya kupandia kabla pointi hazijaingia.

Msomaji, London