Mbao mpya haziponyi banda linaloingia maji

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie ukarabati wa mabanda ya mbao, hasa kwa sisi tunaoishi huku Lushoto, ambako ukungu na manyunyu vinaweza kumsahaulisha mtu kwamba jua lipo, na masika ya Machi hadi Mei hayaachi ukuta mkavu.

Nina banda dogo kando ya bustani ya kabichi, ninamoweka majembe, bomba la kunyunyizia dawa na mbegu za viazi. Mwaka juzi niligundua kwamba bisibisi inazama katika nguzo ya kona kama inavyozama kwenye papai bivu, na magunia yaliyoegemea ukuta yalikuwa yakinuka uvundo. Fundi niliyemwita aling'oa mbao nne za chini zilizokuwa zimeoza, akapigilia mpya, akapaka rangi, nami nikamlipa. Baada ya masika moja tu rangi ilitoka malengelenge, na chini yake ubao ulikuwa laini vilevile.

Simlaumu sana, maana mimi mwenyewe nilidai mbao mpya wala sikuuliza maji yanatoka wapi. Fundi wa pili, mzee wa hapa kijijini, hakushika nyundo siku ya kwanza, alisimama nje mvua ikinyesha, akatazama, kisha akaniambia, "Mwanangu, mbao hazina kosa." Bati lilikuwa fupi, halikuvuka ukuta hata kwa shubiri moja, hivyo maji yalianguka mguuni pa ukuta na kurusha matope hadi kwenye mbao. Nguzo nazo zilikuwa zimezikwa ardhini, na yule wa kwanza alikuwa amezimiminia zege kuzunguka shina ili ziwe imara, kumbe amezitengenezea bakuli la kutunzia maji. Kuvu wanaoozesha mbao wanahitaji maji. Unyevu wa ubao ukikaa chini ya asilimia 20 hawafanyi kazi. Ndiyo maana nguzo huoza kwanza pale inapochomoza ardhini, penye maji na hewa kwa pamoja.

Tulikata nguzo hadi penye mti mzima, tukazisimamisha juu ya vitako vya zege vilivyoinuka futi moja kutoka ardhini, tukatandika karatasi ya lami kati ya zege na mti, tukarefusha bati na kuchimba mfereji. Kabla ya kupaka chochote tulisubiri wiki tatu za Januari banda likauke, jambo ambalo jirani zangu waliliona kuwa ni uvivu.

Mbao chache tulizolazimika kununua ndizo zilizonifanya niandike barua hii. Niliuziwa mbao za kijani, kwa bei ya juu, nikiambiwa zimetiwa dawa. Msumeno ulipopita, ukijani ulikuwa umeishia juu kama ganda la embe. Ndani nyeupe pe. Dawa ya kweli husukumwa kwa mgandamizo ndani ya tangi hadi izame. Ya kupaka kwa brashi haifiki mbali, na fundi akishakata ncha ameufungulia mchwa mlango. Nawaomba wauza mbao wakubali kukata kipande kimoja mbele ya mteja, na stakabadhi ioneshe kama mbao zimetiwa dawa kwa mgandamizo au zimepakwa tu.

Liko na jingine, zito zaidi. Dawa hiyo ya kijani mara nyingi ina shaba, kromu na aseniki. Vipande vilivyosalia kwangu nilivikuta jikoni, vimepangwa karibu na mafiga kusubiri makande ya jioni. Moshi na majivu yake ni sumu, na hata maranda yake hayafai kutandikwa kwenye banda la kuku. Dukani nilipimiwa, nikahesabiwa chenji, nikasaidiwa kupakia. Kuhusu sumu hiyo sikuambiwa neno.

Msomaji wako,
Lushoto, Tanga